Usiku wa piano Lamu: tarehe iliyochaguliwa na mwezi

Ripoti ya nyumba ya wageni iliyoandaa usiku ule ilikuwa na kurasa mbili. Sentensi iliyonikaa kooni imo katika ukurasa wa pili: kwamba wenyeji waliondoka katikati ya onyesho, na kwamba pengine Lamu bado haijawa tayari kwa muziki wa aina hii. Mimi nilikuwapo. Nililipwa kuratibu upande wa wenyeji, yaani kuwaalika, kuwapangia viti, kupatana na nahodha na mahamali, na kutafsiri kila meneja na watu wa kazi waliposhindwa kuelewana. Kuondoka waliondoka, sikatai. Niliwahesabu: wanaume thelathini na wawili, ndani ya dakika moja. Lakini anayetaka kujua kwa nini mtu kanyanyuka kitini lazima kwanza atazame saa, na katika kurasa zile mbili hakuna saa hata moja iliyotajwa.

Nyumba yenyewe sitaitaja. Mpiga piano naye sitamtaja. Ni mama wa makamo kutoka Ulaya, aliyekuwa amekuja kupumzika na akakubali kupiga bila malipo, na kosa lake silioni. Ninachotaka ni kukifumua kisa mshono kwa mshono, maana kila ninapokisikia barazani husimuliwa kuanzia mwisho.

Ilikuwa Februari, kiangazi chenyewe, kaskazi imeshapungua makali na joto halina mjadala. Meneja alikuwa na wageni wengi na mama yule alikuwa tayari, ikabaki kupatikana piano na tarehe. Piano ya kusimama, ya mbao nyeusi, ilipatikana Mombasa kwa kukodi. Tarehe ilitoka kwenye orodha ya muziki. Vipande vilivyochaguliwa vilikuwa vya usiku vyote: sonata (muziki wa sehemu kadhaa) ya Beethoven ambayo dunia nzima huiita ya mbaamwezi, kisha Clair de lune ya Debussy, ambayo jina lake kwa Kifaransa ni hiyo hiyo mbaamwezi, na mwisho nokturni mbili za Chopin, na nokturni maana yake ni muziki wa usiku. Meneja akasoma orodha, akatazama kalenda, akafurahi. Onyesho liwe usiku wa mwezi mpevu, mwezi kumi na nne kwa hesabu yetu, saa moja usiku, ukutani mbele ya bahari, ili mwezi utoke upande wa kisiwa cha Manda wakati mama anapiga.

Ukiisikia hivyo, ni nzuri. Hata mimi niliiona nzuri. Ila kila kilichoharibika usiku ule, nikikivuta uzi wake, unanirudisha kwenye uamuzi huu mmoja.

Niseme kidogo juu ya jina, kwa kuwa ndilo lililoleta balaa. Beethoven alipoichapisha sonata hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1800, hakutaja mwezi popote. Aliiita sonata iliyo kama fantasia, yaani muziki huru, akamaliza. Jina la mwezi lilitokana na mwandishi wa Kijerumani, Ludwig Rellstab, aliyeufananisha mwanzo wa sonata na mbaamwezi juu ya ziwa. Mfano ukaganda ukawa jina. Kwa hiyo sisi watu wa Lamu tulipangiwa siku, maji na saa ya kukutana kwa sababu ya maneno ya mtu aliyekuwa anafikiria ziwa lisilojaa wala kupwa. Debussy yeye mwezi aliutaja mwenyewe katika jina, hilo nampa.

Na mwezi mpevu hauji peke yake. Huja na bamvua. Hili kwetu halihitaji kuelezwa, lakini meneja ni mtu wa bara na hakuna aliyemwambia, basi nalieleza kama nilivyopaswa kumweleza yeye. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mwandamo maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake hata mita tatu. Saa zake nazo hazihangaiki: katika bamvua maji hujaa mnamo saa kumi na nusu, alfajiri na jioni, na kati ya saa nne na saa tano asubuhi ndipo yamekwenda kabisa, matope yote nje, ngalawa zimelala ubavu. Siku za maji mafu ni kinyume: maji hujaa asubuhi hiyo hiyo ya saa nne, saa tano, tena kupwa kwake si kwa kutisha.

Lori liliwasili Mokowe, kwenye gati la upande wa bara, na piano saa tano asubuhi ya siku ya onyesho. Jahazi lilikuwa chini huko, mtu ukisimama ukingoni mwa gati unautazama mlingoti karibu uso kwa uso. Piano ile ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo mia mbili, na sehemu kubwa ya uzito huo ni fremu ya chuma ya ndani, kwa hiyo hata ukiivua mbao zake haipungui kitu cha maana. Nikampigia nahodha, mzee wa watu, nikamwomba afanye hima. Akacheka.

"Mai yakipwa gati huwa ghorofa, mwanangu. Utakishusha kwa kamba kama ng'ombe?"

"Wageni wanakingoja, ami."

"Basi wangoje mai, kama sisi."

Tukangoja. Piano ilikaa gatini saa nne nzima imefunikwa turubali jeusi, na jua la Februari juu yake. Fundi wa kutyuni, yaani wa kuziweka sawa sauti za nyuzi, bwana mtu mzima aliyesafiri nayo kutoka Mombasa, alikuwa akiinua pembe ya turubali kila baada ya muda na kuingiza mkono, kama mtu anayempima mtoto homa. Hakusema neno. Mara moja tu aliniuliza kama nyumba ya wageni ina chumba cha kuiweka ipoe, nikamwambia kipo, nikijua wakati hautakuwapo.

Saa tisa jahazi likawa limepanda vya kutosha. Mahamali wanane waliipitishia kamba chini, wakatia boriti mbili za mkoko begani, na yule mkubwa wao akaanza kuimba kimoja wao wakiitikia, kwa sababu mzigo wa namna ile haubebwi kwa nguvu bali kwa kukanyaga pamoja. Katika ngazi za nyumba, kijana mmoja alipokosa hatua, piano ikatoa sauti yenyewe kutoka ndani, mngurumo wa nyuzi zote kwa pamoja. Wakasimama. Mkubwa wao akaitazama.

"Ala! Mlinambia kabati. Hiki kina matumbo."

Walipoiweka mahali pake ilikuwa karibu saa kumi na moja, na bado walikuwa na deni la alasiri. Fundi akafungua ubao wa mbele na kuanza.

Hapa ndipo panapotaka utulivu, kwa sababu ripoti yenyewe inakiri kwamba piano "haikusikika vizuri" na kuiachia hapo. Piano ina vibonyezo 88 na nyuzi zipatazo 230. Hesabu hiyo hailingani kwa sababu sauti nyingi, kuanzia za kati hadi za juu, zina nyuzi tatu kila moja, zilizofungwa ziwe sauti moja kamili. Za chini zina mbili, na zile nzito kabisa zina uzi mmoja mmoja uliozungushiwa shaba. Nyundo moja ya sufi hugonga nyuzi zote tatu kwa pamoja. Zikiwa sawa sawa, sikio husikia kitu kimoja kilichonyooka. Moja ikipotoka unywele tu, sauti huanza kuwayawaya, inapanda na kushuka kama mtu anayelia anajizuia. Na waya wa chuma ukipata joto hulegea, sauti ikashuka. Ukipoa hukaza, sauti ikapanda. Nyuzi ni nyembamba, hupoa haraka. Fremu nzito iliyozibeba hupoa taratibu. Ubao wa sauti, ule ubao mpana wa nyuma, nao una mambo yake na unyevu: hunywa hewa ya bahari na kuvimba, lakini huo ni ugonjwa wa siku na wiki, si wa saa moja. Ndiyo maana mafundi wengi hutaka piano iliyohama ikae wiki mbili kwanza. Fundi wetu alipewa dakika arobaini na tano, na piano iliyokuwa bado ya moto mpaka mifupani.

Alifanya kazi yake vizuri sana. Nilisimama karibu naye nikamwona akibana nyuzi mbili kwa kipande cha sufi na kuivuta ya tatu kwa ufunguo, nusu ya nusu ya mzunguko, sikio limeegeshwa. Saa kumi na mbili kasoro alijaribu sauti zote kutoka chini hadi juu na zilikuwa safi. Kisha jua likatua, upepo wa baharini ukapita, na piano ikaanza kupoa pale pale ilipo, bila mtu kuigusa.

Jambo la pili ni mahali ilipowekwa. Meneja alitaka watazamaji waione mikono ya mama. Kwa piano kubwa ya kulala ungeweza kupanga hivyo bila hasara, kwa sababu kifuniko chake huinuliwa na kuitupa sauti kwa watu. Piano ya kusimama ubao wake wa sauti uko mgongoni. Ukiielekezea watu uso, mgongo unaelekea kwingine, na kule kwingine kulikuwa bahari. Nyumbani haileti shida, kwa sababu nyuma yake huwa kuna ukuta wa kuirudisha sauti. Sisi ukuta wetu ulikuwa Manda. Na sehemu ya kwanza ya sonata ile yote hupigwa polepole, kwa sauti ya chini kabisa. Hivyo ndivyo Beethoven alivyoagiza, na ndicho kinachoifanya iwe vile ilivyo. Viti vya mbele walisikia kidogo. Walioketi nyuma, ambao ndio wenyeji, walimwona mama akitikisa mabega.

Nahodha yule alikuwa amelaza jahazi lake hatua chache kutoka ukutani, anangoja malipo yake ya jioni. Kesho yake aliniambia alisikia kila kitu, mpaka mama anavyokanyaga pedali. Mtu mmoja aliyepata sauti kamili wakati ule ndiye huyo, kalala chali juu ya mfuniko wa jahazi, na hakuwa na tiketi.

Sasa saa. Februari kwetu magharibi huadhiniwa kama saa kumi na mbili na dakika arobaini, na isha kama saa moja na dakika arobaini na kitu hadi hamsini, kutegemea msikiti. Baina yake pana saa moja na dakika chache, na watu wa Lamu wanaijua kwa mwili: ndiyo ya kahawa chungu, ya darsa msikitini kwa wengine, ya kumtazama mgonjwa jirani. Haijawahi kuwa saa ya kuanza jambo refu. Mpango wa meneja ulisema onyesho lianze saa moja kamili. Sonata dakika kumi na tano, Debussy tano, Chopin kama kumi, na makofi. Saa moja na dakika arobaini watu wako mlangoni. Katika karatasi uliingia kati ya adhana mbili kwa tundu la sindano, na hapo ndipo ninapolaumiwa mimi. Nilimwambia meneja, mara moja, tena kwa sauti ya mtu asiyetaka kuharibu sherehe, kwamba baada ya isha ingekuwa afadhali. Akasema mwezi utakuwa umeshapanda juu mno kwa picha. Nikanyamaza. Nilipaswa kukaa naye chini nikamwandikia: saa 1:45, adhana, kila mtu atasimama. Sikumwandikia.

Wenyeji walifika kabla ya saa moja. Walitoka msikitini moja kwa moja, kanzu safi, wazee wa mtaa, walimu wawili wa madrasa, vijana wa matari, na upande wao akina mama kwa mabuibui wakiwa kundi moja nyuma kulia, wengine wakibeba watoto. Viti hamsini vilijaa. Viti arobaini vya mbele, vyenye karatasi za majina, vilikuwa vitupu. Wenye majina walikuwa ghorofani wakimalizia vinywaji, kwa sababu mwezi ulikuwa unatoka na kule juu unaonekana vizuri zaidi. Mama yule alikuwa tayari, amesimama kando ya piano kwa gauni la bluu. Aliniuliza mara mbili kama aanze. Onyesho lilianza saa moja na dakika ishirini na tano.

Dakika ishirini na tano hizo hazimo katika ripoti. Zingekuwamo, ripoti ingejiandika upya yenyewe.

Sonata ina sehemu tatu. Mwishoni mwa ya kwanza, ile ya polepole, wenyeji kadhaa walipiga makofi na mmoja akasema "Allah!" kwa sauti ya ndani, kama asemavyo mtu aliyeguswa na kasida. Baadhi ya wageni waligeuka nyuma wakitia kidole mdomoni. Mwishoni mwa ya tatu, ambayo ni mbio na radi mtupu, bibi mmoja wa makamo aliinuka kutoka kundi la akina mama, akapita katikati ya viti kwa madaha kabisa, akaweka noti ya shilingi mia mbili juu ya piano, akarudi kukaa. Alikuwa amemtunza. Kijana wa mapokezi akaikimbilia noti na kuiondoa kana kwamba ni mende.

Ripoti inasema hadhira "haikufahamu taratibu". Taratibu hizo za kukaa kimya mpaka sonata nzima iishe si za Beethoven wala za zama zake. Vienna, Desemba 1813, simfonia yake ya saba ilipopigwa kwa mara ya kwanza, watu walishangilia sehemu ya pili mpaka ikabidi irudiwe pale pale kabla ya kuendelea. Kimya cha sasa kimezoeleka baadaye sana. Bibi yule na noti yake angekuwa kwao zaidi katika ukumbi ule kuliko wale waliomgeukia. Na anayesema watu wa Lamu hawajui kukaa wakasikiliza hajawahi kukesha msikiti wa Riyadha usiku wa Maulidi, akaona mamia ya watu ardhini, bega kwa bega, wakifuata kisomo saa kwa saa mpaka matari yanapoingia. Kusikiliza tunakujua. Tunakujua kwa namna ya kujibu.

Mama alianza Debussy saa moja na dakika arobaini na nne. Ni muziki unaoanza kama mtu anayefungua mlango taratibu asiamshe waliolala. Dakika tatu baadaye msikiti wa kwanza ukaadhini. Kisha wa pili, wa karibu zaidi, kisha kutoka upande wa Langoni, mpaka mji mzima. Lamu redio ya kinyozi huzimwa adhana ikilia. Ngoma ya harusi husimama. Mama hakujua, kwao ukianza kipande unakimaliza, kuacha katikati ndiyo aibu. Akaendelea, macho kwenye vibonyezo. Nikawaona wazee wakitazamana. Kubaki kitini unasikiliza kinanda huku muadhini anaita, tena mbele ya watu, ni jambo ambalo mzee wa mtaa hawezi kulifanya hata angelipenda. Basi wakainuka, mmoja baada ya mwingine. Waliinama walipopita mbele ya wenzao, na wengi walivua viatu wakavishika mkononi visije vikagonga sakafu. Mwalimu mmoja wa madrasa alipofika mlangoni aligeuka, akaweka mkono kifuani kumwelekea mama, akatoka. Kutoka viti vya mbele kilichoonekana ni migongo na viti vitupu.

Mama alimaliza, akapiga nokturni zake mbili, wageni wakampigia makofi, wakapanda kula. Ripoti inaishia hapo.

Saa mbili na robo walirudi. Si wote, nilihesabu kumi na tisa, na akina mama wengi hawakuwa wameondoka hata kidogo, walikuwa wamesogea tu ukutani wakizungumza. Nahodha, ambaye alikwenda kuswali na kurudi pamoja nao, alishawaambia habari ya sauti inakotokea, kwa hiyo hawakukaa vitini. Walikwenda kukaa kwenye ngazi za gati, upande wa maji, nyuma ya piano. Mama alikuwa ameshuka kufunga kifuniko. Akawaona, akaniuliza wanangoja nini. Nikamwambia wanangoja kile kipande walichokiacha. Akakaa.

Alikipiga chote tangu mwanzo, na mwezi sasa ulikuwa juu. Kisha, mwenyewe bila kuombwa, akarudi kwenye mwanzo wa sonata. Walipokuwa upande ule wa ubao hapakuhitajika kuvuta sikio. Mtoto mmoja alilala. Bibi wa noti alitikisa kichwa kwa mwendo wa mkono wa kushoto, na sehemu ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa mama hakuwa ameondoa mguu kwenye pedali na sauti ilikuwa bado inakwenda.

Mzee mmoja mpiga nai, yaani filimbi, ambaye vidole vyake nimeviona tangu utoto, alinigusa goti.

"Mule ndani kuna mmoja hakubaliani na wenziwe."

"Nani, ami?"

"Ule anaourudia rudia. Huo. Umesikia? Uwalia."

Alikuwa anasema juu ya sauti iitwayo G#, ambayo katika sonata ile ndiyo inayobeba wimbo wote wa mwanzo: inapigwa, inarudiwa, inapigwa tena, mwili wote wa sehemu ya kwanza umeiegemea. Nyuzi zake tatu zilikuwa zimeachana. Nilimtazama fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alikuwa ameshaisikia kabla yetu sote, tangu saa moja na nusu, na alikuwa na sura ya mtu aliyetajwa jina msikitini kwa deni. Katika viti arobaini vya mbele hakuna aliyelalamikia sauti hiyo. Ripoti haina habari nayo.

Ningeulizwa, mabadiliko ningeyaandika katika karatasi ndogo kuliko ile ya orodha ya vinywaji. Tarehe iwe ya maji mafu, mwezi tisa au kumi kwa hesabu yetu ya mwandamo: lori likifika Mokowe saa tano linakuta jahazi limelingana na gati, na piano inapata mchana mzima kivulini. Mwezi upo usiku huo, tena mkubwa wa kutosha, na saa tatu uko utosini. Onyesho lianze saa mbili na nusu, baada ya isha, na aliyechelewa asingojewe, mwenye jina kwenye kiti na asiye nalo. Mahali pawe ua wa Ngome. Ndani ya nyumba zetu za kale hapafai, maana upana wa chumba umekatwa na urefu wa boriti, haufiki mita tatu, na watu tisini hawakai kwenye ukanda. Lakini Ngome, iliyomalizwa kujengwa 1821, ina kuta nene za matumbawe pande zote na ua wazi katikati, na imeshazoea mikusanyiko tangu ilipoacha kuwa jela. Piano uigeuzie mgongo ukutani, sauti haina pa kukimbilia. Na kijana wa mapokezi aambiwe kwamba pesa ikiwekwa juu ya ala haiondolewi. Mama alipojua maana yake aliidai ile noti, akaibandika ndani ya kitabu chake cha muziki.

Kesho yake piano ilitakiwa kurudi, na bamvua bado lilikuwa bamvua. Mahamali waliishusha gatini mapema kwa kuwa walikuwa na kazi nyingine, kisha ikakaa pale chini ya turubali lile lile, kwa jua lile lile, ikingoja maji ya saa kumi na nusu. Watoto waliotoka madrasa waliigundua. Walipokezana kubonyeza mpaka fundi akaja kuwafukuza, halafu akabadili nia, akawaacha. Aliinua kifuniko, akaweka kiganja juu ya chuma cha ndani, akakitoa haraka. Kilikuwa cha moto. Kisha kwa kidole kimoja akapiga G#, akaiacha ilie mpaka ikafa yenyewe.

Ilinyooka. Nyuzi tatu, sauti moja.

Aliipiga tena, akanitazama. "Niliityuni kwa ajili ya saa hii," alisema, "nao wameipiga usiku." Akafunga kifuniko na kwenda kumuuliza nahodha kama maji yametosha.